Mgonjwa Mnene Katika Wodi ya Mahututi: Tusimwache Amelala Chali

Ikiwa uko Likoni unangoja feri, au Kisauni umo dukani mwako, au Changamwe ndio kwanza umetoka zamu ya usiku, vuta kiti tuzungumze.

Mada yetu ya leo ni moja ya zile ambazo watu hawaziulizi mpaka siku imewafika. Tunazungumzia fiziotherapia, yaani tiba ya viungo na mazoezi, kwa mgonjwa mwenye unene wa kupita kiasi ambaye amelazwa katika wodi ya wagonjwa mahututi, ile wodi ambayo wengi wetu tumezoea kuiita ICU.

Bila shaka unajiuliza: mtu yuko hoi, amewekewa mashine ya kupumulia, mazoezi ya nini tena? Si aachwe apumzike? Hilo ndilo swali lenyewe. Ndugu wengi, kwa huruma na mapenzi, humzuia mtaalamu wa fiziotherapia asimguse mgonjwa wao. Na mgonjwa akiwa mnene, hata baadhi ya wahudumu husita, kwa kuwa kumgeuza ni kazi kubwa. Basi mgonjwa huachwa amelala chali, siku ya kwanza, ya pili, ya tatu. Nami nataka uondoke na neno moja leo: mgonjwa mnene aliye mahututi ndiye anayehitaji zaidi kuinuliwa, kugeuzwa na kufanyishwa mazoezi, na aanzishwe mapema. Kulala chali kwa muda mrefu kunamdhuru yeye kuliko mtu mwembamba.

Unene wa kupita kiasi ni upi?

Chukua uzito wako kwa kilo, ugawe kwa urefu wako kwa mita uliozidishwa kwa urefu huo huo. Kwa mfano, mtu wa kilo 100 mwenye urefu wa mita 1.60. Zidisha 1.60 kwa 1.60 upate 2.56. Gawanya 100 kwa 2.56 upate 39. Ukipata 25 au zaidi, uzito umezidi. Ukipata 30 au zaidi, huo ni unene wa kupita kiasi. Ukifika 40, unene umekithiri.

Jambo hili si la watu wachache. Utafiti wa kitaifa wa hali ya afya ya jamii hapa Kenya wa mwaka 2014 ulionyesha kuwa kati ya kila wanawake 100 wa umri wa miaka 15 hadi 49, 33 walikuwa na uzito uliozidi au unene wa kupita kiasi. Utafiti kama huo wa mwaka 2022, uliotazama wanawake wa miaka 20 hadi 49, uliwakuta 45 katika kila 100. Kwa wanaume wa miaka 20 hadi 54 walikuwa 19 katika kila 100. Kwa hiyo tunamzungumzia shangazi yako, mjomba wako, jirani yako, pengine wewe mwenyewe.

Tena naomba tuelewane. Unene si jambo la kumchekea mtu, wala si wakati wa kumsimanga akiwa kitandani. Na mgonjwa mnene hajahukumiwa kufa. Uchambuzi uliokusanya tafiti nyingi za ICU na kuchapishwa mwaka 2008 ulikuta kwamba wagonjwa wanene kwa jumla hawakufa zaidi ya wengine. Ila walikaa kwa muda mrefu zaidi kwenye mashine ya kupumulia, na kwa muda mrefu zaidi ICU. Hapo ndipo fiziotherapia inapoingia.

Mapafu hayanenepi

Hebu tuangalie jinsi mwili unavyofanya kazi. Mtu akishaacha kurefuka, mapafu yake hayakui tena. Akiongeza kilo 40 baada ya hapo, kiuno hupanuka na mashavu hujaa, lakini mapafu hubaki yale yale.

Kwa sababu hiyo, daktari anapopanga mashine ya kupumulia, haangalii uzito wa mgonjwa bali urefu wake na jinsia yake. Mwanamke wa sentimita 160, awe na kilo 55 au kilo 120, mapafu yake huhesabiwa kama ya mtu wa kilo 52 hivi. Kila pumzi hupewa kati ya mililita 310 na 420 za hewa. Pumzi ya chini kabisa hapo inazidi kidogo tu ile chupa ndogo ya soda ya mililita 300. Akisukumiwa hewa kwa kufuata kilo zake 120, mapafu yataumia.

Sasa chini ya mapafu kuna msuli mpana uliojikunja kama mwavuli uliofunguliwa, unaotenganisha kifua na tumbo. Unaitwa kiwambo. Ukivuta pumzi, kiwambo hushuka na kulisukuma tumbo, nayo mapafu hujaa. Mtu mwenye tumbo kubwa akilala chali, tumbo lile hupanda juu likakisukuma kiwambo kuelekea kifuani, kana kwamba kuna gunia limewekwa juu yake. Mafuta ya kifuani nayo hulemea mbavu. Nafasi ya mapafu hupungua. Vifuko vidogo vya hewa vilivyo sehemu ya chini na ya nyuma ya mapafu hufunga. Makohozi hutuama pale. Na kama maji ya dimbwi yanavyooza yakituama, ndivyo makohozi yanavyoalika nimonia.

Huenda wewe mwenyewe umeshaona jambo hili nyumbani. Mzee mwenye kitambi halali ila kwa mito mitatu. Si madaha yale. Mwili wake unajua kuwa akilala chapa atakosa pumzi. Basi huyo huyo, akipelekwa hospitali akiwa hajitambui, nani atamwambia muuguzi kwamba halali bila mito mitatu?

Misuli hupotea chini ya mafuta

Jambo la pili huwapotosha watu wengi. Tukimwona mtu mkubwa tunadhani ana akiba ya nguvu. Kumbe akiba ya mafuta na akiba ya misuli ni vitu viwili mbalimbali. Akilala mahututi, mwili hula misuli haraka sana, hata kama mafuta yamejaa tele.

Watafiti mjini London walipima wagonjwa mahututi 63 na kuchapisha matokeo mwaka 2013. Katika siku 10 tu, msuli wa mbele wa paja ulikuwa umepungua upana kwa karibu asilimia 18. Kwa mtu mwembamba, mguu uliokonda unaonekana kwa macho. Kwa mtu mnene huoni kitu, kwa sababu mafuta yamefunika. Ndugu wanamtazama wanasema, "Bado yuko vizuri, hajakonda." Siku akijaribu kusimama, miguu inakunjika. Ana mwili wa kilo 120 wa kubeba, lakini misuli iliyokuwa ikiubeba haipo tena.

Mtaalamu wa fiziotherapia hufanya nini?

Naam, sasa tufike kitandani.

Kwanza, humweka mgonjwa vizuri. Kichwa na kifua huinuliwa kiasi cha nyuzi 30 hadi 45. Kwa mgonjwa mwenye tumbo kubwa kuna ujuzi wa ziada. Ukimkunja kiunoni tu, tumbo litabanwa na kusukuma kifua vilevile. Afadhali kitanda kizima kiinamishwe, kichwa kiwe juu na miguu iwe chini, ili tumbo lishuke. Akiweza kuketishwa, miguu huachanishwa kidogo tumbo lipate pa kukaa katikati ya mapaja.

Pili, mgonjwa hugeuzwa, ubavu huu na ubavu ule, kwa kawaida kila baada ya saa 2 hivi. Kugeuzwa hufungua sehemu ya pafu iliyokuwa imelaliwa, na huzuia vidonda vya kulalia. Wakati wa kugeuza, wahudumu hukagua mikunjo ya ngozi chini ya matiti, tumbo na mapaja, kwa sababu mrija wa mkojo au waya wa mashine unaweza kujificha humo ukachimba kidonda bila mtu kujua.

Tatu, huduma ya kifua. Mgonjwa aliye kwenye mashine hufyonzwa makohozi. Aliye macho hufundishwa kuvuta pumzi ndefu, kuishika kidogo, kuitoa polepole, kisha kukohoa kwa nguvu. Kama ana mshono tumboni, hukumbatia mto au shuka iliyokunjwa anapokohoa ili maumivu yapungue.

Nne, viungo. Mgonjwa asiyejitambua hukunjwa na kukunjuliwa viungo vyake: vidole, viwiko, magoti, nyayo. Akianza kuamka huombwa afanye mwenyewe. Halafu huketishwa ukingoni mwa kitanda. Kisha kusimama. Kisha kwenda kwenye kiti. Mwisho kutembea hatua chache, hata akiwa bado na mrija wa mashine. Mazoezi ya nyayo na ndama za miguu husaidia pia damu isitulie ikaganda ndani ya mishipa, hatari ambayo mtu mnene aliyelala anayo zaidi ya wengine. Daktari naye huongeza sindano za kuzuia damu isigande.

Mwaka 2009 ulichapishwa utafiti wa Marekani, uliofanywa Chicago na Iowa, juu ya wagonjwa 104 waliokuwa kwenye mashine za kupumulia. Nusu yao walianzishwa mazoezi mapema sana, kila siku dawa za usingizi zikipunguzwa ili waamke. Siku ya kutoka hospitali, 59 katika kila 100 wa kundi hilo waliweza kuoga, kuvaa, kula na kutembea wenyewe. Katika kundi lililopata huduma ya kawaida walikuwa 35 katika kila 100. Tofauti hiyo, msikilizaji, ndiyo tofauti ya mama anayerudi nyumbani akitembea na mama anayerudi akibebwa.

Je, si hatari?

Ni swali la haki, nami sitakuficha. Mazoezi haya ni dawa, na kila dawa ina kipimo. Mwaka 2022 ulichapishwa utafiti mwingine mkubwa, wa wagonjwa 750 katika nchi kadhaa. Ulikuta kwamba kumzidishia mgonjwa mazoezi ya nguvu kupita yale ya kawaida hakukuleta faida zaidi, na matatizo kama mapigo ya moyo kwenda mrama yaliongezeka. Funzo lake ni kwamba tuanze mapema, lakini kwa kiasi anachokimudu mgonjwa siku hiyo.

Kwa hiyo kabla ya kumwamsha, mtaalamu huangalia presha, mapigo ya moyo, kiwango cha oksijeni, na kama kuna mfupa uliovunjika au damu inayovuja. Kwa mtu mnene, hata kupima presha kuna siri yake. Ule mkanda wa kufunga mkononi ukiwa mdogo kuliko mkono, hutoa kipimo cha juu kuliko ukweli. Unaweza kuuliza kwa adabu, "Daktari, mkanda huu unamtosha?"

Ipo pia hatari kwa wale wanaomnyanyua. Wewe wa Changamwe unalijua hili vizuri. Kibarua wa bandarini hainui kontena kwa kiuno chake, hungoja krini. Vivyo hivyo mgonjwa wa kilo 130 hageuzwi na watu wawili wanaovutana na shuka. Wanahitajika watu wanne au zaidi, shuka maalumu ya kuteleza, au mashine ya kunyanyulia mgonjwa pale ilipo, na mmoja wa kuhesabu "moja, mbili, tatu" ili wote waende pamoja. Kila kitanda na kila kiti kina uzito wa mwisho kinaoweza kubeba, nao lazima ujulikane. Tafadhali, ndugu, usijaribu kumwinua mgonjwa peke yako saa ya kumtazama. Utachomoa mrija, au utaumia mgongo, au yote mawili.

Tuliyojifunza wakati wa korona

Mwaka 2015 serikali ilianza mpango wa kukodisha vifaa vya hospitali kwa ajili ya kaunti, vya ICU vikiwemo. Hata hivyo, wengi wetu jina hilo la ICU tulilizoea mwaka 2020. Mgonjwa wa kwanza wa korona nchini alitangazwa tarehe 13 Machi mwaka huo, na kufikia tarehe 8 Aprili safari za kuingia na kutoka Mombasa zilikuwa zimepigwa marufuku. Uingereza, takwimu za mwanzo za mwaka huo zilionyesha kuwa zaidi ya 7 katika kila wagonjwa 10 wa korona walioingia ICU walikuwa na uzito uliozidi au unene.

Wakati ule dunia nzima ilisikia habari ya kumlaza mgonjwa kifudifudi. Halikuwa jambo jipya. Utafiti wa Ufaransa na Uhispania wa mwaka 2013, wenye wagonjwa 466 ambao mapafu yao yalikuwa yameharibika vibaya na walikuwa kwenye mashine, uliwalaza baadhi yao kifudifudi kwa saa nyingi kila siku. Katika siku 28 walifariki 16 katika kila 100, ilhali kwa waliolala chali walifariki 33 katika kila 100. Mtu mnene naye anaweza kulazwa hivyo, mradi timu iwe na ujuzi na tumbo liachiwe nafasi. Namna mtu anavyolazwa tu yaweza kuokoa roho yake.

Ndugu mna kazi gani?

Hospitali kubwa ya rufaa kwetu ni Hospitali Kuu ya Pwani, ile ambayo wengi huiita Makadara, na iko kisiwani. Mgonjwa wa Likoni huvushwa kwa feri. Wa Kisauni hupita daraja la Nyali. Wa Changamwe hupita Makupa. Mara nyingi anayemjua mgonjwa vizuri hubaki ng'ambo, akihangaika na watoto na nauli, na anayemsindikiza ni kijana asiyejua lolote. Kwa hiyo fanya hivi: chukua karatasi, uandike mambo yafuatayo, na umpe yule anayekwenda.

Andika urefu wa mgonjwa na uzito wake wa mwisho kupimwa. Usipunguze kilo kwa kuona haya. Urefu unahitajika kwa mashine ya kupumulia, na uzito unahitajika kwa baadhi ya dawa na kwa kitanda.

Andika kama hukoroma sana na kukatika pumzi usingizini, na kama hulala kwa mito mingi. Mtu wa namna hiyo akitolewa mrija wa mashine huhitaji uangalizi wa karibu zaidi.

Andika dawa zake za presha, za kisukari, au nyingine yoyote.

Andika alikuwa akiweza nini kabla ya kuugua. Alikuwa akitembea mwenyewe hadi sokoni Kongowea? Alikuwa akipanda ngazi? Goti gani lilikuwa likimuuma? Mtaalamu wa fiziotherapia hupanga safari ya kumrudisha kule alikokuwa, naye hawezi kuipanga bila kujua alianzia wapi.

Na ukifika wodini, muulize muuguzi swali hili: "Leo ameinuliwa? Ameonwa na mtu wa fiziotherapia?" Si ubishi huo. Ni haki ya mgonjwa wako. Kisha zungumza na mgonjwa. Mwambie siku, mwambie saa, mtaje watoto wake kwa majina. Wengi huchanganyikiwa ICU, na sauti wanayoijua huwaleta karibu.

Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

"Mama yangu ni mtu wa stara. Mtaalamu aliyekuja ni mwanamume. Tukatae?" Usikatae tiba. Sema mapema kuwa mngependa mwanamke kama yupo. Kama hayupo, omba muuguzi wa kike awepo na mgonjwa afunikwe vizuri kwa shuka au leso, kifunuliwe kile kiungo kinachohitajika tu. Wataalamu wa hapa Pwani wamezoea ombi hilo.

"Amepungua kilo 12 akiwa ICU. Si heri, maana alikuwa mnene?" Hapana. Sehemu kubwa ya alichopoteza ni misuli na maji. ICU si mahali pa kumpunguza mtu. Anahitaji chakula chenye protini ya kutosha, kwa mrija au kwa mdomo, kama watakavyoelekeza wataalamu wa lishe. Na usimpelekee supu wala uji kwa siri. Aliyetoka kutolewa mrija kooni huenda bado hajaweza kumeza sawasawa, na chakula kitaingia mapafuni.

"Mguu wake mmoja umevimba. Tumkande kwa mafuta?" Kukanda kuna heshima yake kwetu, na mikono ya bibi imetuliza wengi. Lakini sikiliza vizuri hapa. Mguu mmoja uliovimba, wenye joto au maumivu, kwa mtu aliyelala siku nyingi, usikandwe kabisa. Huenda kuna damu iliyoganda ndani. Ukiisukuma inaweza kusafiri hadi mapafuni na kumuua pale pale. Mwonyeshe daktari siku hiyo hiyo.

"Gharama je?" Kila siku ya ziada ICU ni pesa nyingi. Tangu Oktoba 2024 SHA ilichukua nafasi ya NHIF, basi hakikisha usajili wa mgonjwa uko sawa, na muone mapema afisa wa ustawi wa jamii wa hospitali. Na kumbuka, mgonjwa anayetoka kwenye mashine mapema huipunguzia familia yake mzigo.

Akirudi nyumbani

Kutoka hospitali si mwisho wa kazi. Watu hufurahi, wakamlaza chumbani, wakamletea kila kitu kitandani, na misuli iliyobaki ikaisha pale.

Mweke kwenye kiti wakati wa kila mlo, mara tatu kwa siku. Kiti kiwe cha mbao, imara na chenye mikono. Vile viti vyepesi vya plastiki huvunjika, na kuanguka kwa mtu mzito ni balaa jipya. Afanye zoezi la kuinuka na kuketi, mara tano, kisha apumzike. Ikiwa choo ni cha kuchuchumaa, fundi atengeneze kiti cha choo chenye nguvu, na ukutani papigwe mhimili wa kushikia. Atembee ndani ya nyumba, kutoka mlango hadi mlango. Wiki ijayo afike barazani, kisha hadi kwa jirani. Atoke asubuhi mapema au jioni, jua likiwa limepoa.

Uliza kuhusu kliniki ya fiziotherapia katika hospitali iliyo karibu nawe, kwa mfano Port Reitz kwa walio upande wa Changamwe, ili usilazimike kuvuka kila mara. Kumbuka pia kuwa hapa Kenya ipo sheria ya mwaka 2014 inayowasimamia wataalamu hawa, na lipo baraza linalowasajili. Akija mtu nyumbani kudai yeye ni mtaalamu, una haki ya kumwomba cheti chake.

Mrudishe hospitali haraka ukiona anahema akiwa ameketi tu, ana maumivu ya kifua, anakohoa damu, amechanganyikiwa, au mguu mmoja umevimba.

Ya kukumbuka

1. Mapafu hayanenepi. Mgonjwa mwenye tumbo kubwa asilazwe chapa. Kichwa na kifua viinuliwe.

2. Mwili mkubwa haumaanishi misuli mingi. Misuli hupotea haraka hata usipoona.

3. Mazoezi yaanze mapema, kwa kipimo cha mgonjwa wa siku hiyo.

4. Kumnyanyua ni kazi ya timu na vifaa.

5. Andika karatasi ya mgonjwa: urefu, uzito, kukoroma, dawa, na alichoweza kufanya kabla ya kuugua.

6. Mguu mmoja uliovimba usikandwe.

Mpenzi msikilizaji, kama nyumbani kwako yupo mtu mwenye uzito mkubwa, usingoje ambulensi ifike mlangoni. Mpime urefu leo jioni, uandike, uweke pamoja na kitambulisho chake. Ni kazi ya dakika mbili tu, na siku moja daktari asiyemjua atakushukuru.